Kitufe Kabla ya Jibu: Chemsha Bongo za Televisheni Zinapima Nini?

Miongoni mwa walimu na wahakiki wa vyombo vya habari kuna dai ambalo limerudiwa hadi likaonekana halihitaji ushahidi: kwamba chemsha bongo za televisheni ni mashindano ya kukariri. Mshindi, kwa mujibu wa dai hilo, ni ghala la habari zisizohusiana. Anajua mji mkuu wa kila nchi na jina la kila mfalme, lakini kufikiri hajui. Na kwa kuwa simu ya mkononi sasa inazitoa habari hizo kwa muda wa kufumba na kufumbua, mashindano yenyewe, tunaambiwa, yamepitwa na wakati. Makala haya yanalipinga dai hilo. Hoja yangu ni kwamba kinachowatenganisha washindani wakubwa na wenzao si wingi wa wanayoyajua, bali usahihi wa makadirio yao juu ya wanayoyajua: uwezo wa kuamua, ndani ya muda usiofika sekunde moja na mbele ya kamera, kwamba hili ninalo au hili sina. Uwezo huo hakuna simu inayoweza kumwazima mtu.

Kwamba washindani wanajua mengi, hakuna anayebisha. Kipindi chochote chenye heshima huwachuja waombaji kwa mtihani kabla hawajafika studio, kwa hiyo wanaosimama mbele ya kamera wote wameshavuka kizingiti cha maarifa. Ubishi unaanza pale tunapouliza mtazamaji anaona nini anapowatazama. Mwaka 1977 Lee Ross, Teresa Amabile na Julia Steinmetz walichapisha jaribio ambalo wanaolitetea dai la kukariri wangefaidika kulisoma upya. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wawe waulizaji, wengine wajibu. Waulizaji walitunga maswali magumu kutoka katika mambo waliyoyajua wao wenyewe. Ingawa kila mmoja alijua kwamba nafasi zilipangwa kwa bahati tu, waliojibu na waliotazama waliwaona waulizaji kuwa na maarifa mengi zaidi. Aliyekulia katika utamaduni wa vitendawili hatashangaa: mtegaji huonekana mwerevu kwa sababu yeye ndiye aliyechagua uwanja. Tofauti ni kwamba vitendawili vyetu vimetoa bei ya wazi kwa kutojua. Anayeshindwa huombwa mji, akautoa, na mchezo ukaendelea. Kukiri kwamba hujui ni hatua halali ya mchezo, yenye gharama inayojulikana. Tukitaka kuielewa chemsha bongo ya televisheni, swali la kwanza la kuiuliza ndilo hilo: hapa kutojua kunagharimu kiasi gani, na kukosea je?

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Jeopardy!, kipindi cha Marekani kilichobuniwa na Merv Griffin, kikaanza kurushwa mwaka 1964 na kupata sura yake ya sasa mwaka 1984 chini ya Alex Trebek. Ubao una vidokezo 30 katika duru ya kwanza na 30 katika duru ya pili, kisha kinafuata kimoja cha mwisho, yaani swali la mwisho, ambalo kila mshindani huliwekea dau. Jibu sahihi huongeza thamani ya kidokezo kwenye hesabu ya mshindani; jibu baya huipunguza kwa kiasi kile kile; kunyamaza hakugharimu kitu. Tangu mwaka 1985 hairuhusiwi kujibu kabla mwendesha kipindi hajamaliza kusoma. Mfanyakazi asiyeonekana kwenye kamera ndiye anayevifungua vitufe, taa za pembeni mwa ubao zikawaka, na aliyebonyeza mapema hufungiwa kwa robo sekunde, muda unaotosha kabisa kumpoteza. Anayewahi hupewa sekunde chache za kutamka jibu. Katika vidokezo vyepesi washindani wote watatu wana jibu mdomoni kabla taa haijawaka, na hapo linaloshindaniwa ni wepesi wa kidole. Lakini katika safu za chini za ubao, zenye thamani kubwa, anayengoja jibu limfikie ndipo abonyeze huwa ameshachelewa. Inambidi abonyeze kwa imani kwamba jibu litakuja, kisha alitafute ndani ya zile sekunde alizokopeshwa.

Imani hiyo si kubahatisha. Mwanasaikolojia Lynne Reder aliipima mwaka 1987 kwa jaribio alilolitengeneza kwa mfano wa vipindi hivi hivi. Kundi moja lilitakiwa kutoa jibu. Jingine lilitakiwa kwanza kusema tu kama linadhani linalo jibu. Kundi la pili lilikuwa na kasi zaidi, na makadirio yake kwa jumla yalikuwa ya kuaminika. Maana yake ni kwamba hisia ya kujua hutangulia kujua kwenyewe: akili hupima ghala lake kabla haijaingia kuchukua bidhaa. Mtu anayekariri tu hujaza ghala. Mshindani mzuri amejifunza kuisoma daftari ya ghala.

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutolewa na binadamu. Tarehe 14 hadi 16 Februari 2011 kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilishindana na Ken Jennings na Brad Rutter, mabingwa wawili wakubwa wa Jeopardy!. Watazamaji walioneshwa majibu matatu ambayo mashine ilikuwa ikiyafikiria, kila moja na kiwango chake cha uhakika, pamoja na mstari wa kizingiti. Uhakika ukipita mstari, Watson ilibonyeza, usipofika, ilinyamaza. Kisha likaja swali la mwisho la mchezo wa kwanza, chini ya mada ya miji ya Marekani: mji ambao uwanja wake mkubwa wa ndege umepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia, na wa pili jina la pigano la vita hivyo. Binadamu wote wawili waliandika Chicago. Watson iliandika Toronto, mji wa Kanada, ikafuatisha alama tano za kuuliza. Watu walicheka, na kosa hilo likatajwa sana kama ushahidi kwamba mashine haielewi inachokisema. Mimi nalisoma kinyume. Swali la mwisho ndilo mahali pekee ambapo kila mshindani hulazimika kuandika kitu, kimya hakipo. Kingekuwa kidokezo cha kawaida, uhakika hafifu namna ile usingefika kwenye mstari, na Toronto isingesikika kamwe. Alama zile tano zilituonesha shaka ambayo sheria za kipindi huwaruhusu washindani kuificha siku zote. Sitaki pia kulipatia dau la mashine uzito lisioustahili. Iliweka dola 947 tu, lakini dau huwekwa baada ya mada kutangazwa na kabla ya swali kuonekana, kwa hiyo udogo wake haukutokana na shaka juu ya Toronto. Siku ya tatu Watson ilimaliza na dola 77,147, Jennings 24,000 na Rutter 21,600. Haikushinda kwa kujua kila kitu. Ilishinda kwa kujua, mara nyingi kuliko wenzake na haraka kuliko wao, lini inyamaze na lini iseme.

Hata kashfa ya chemsha bongo ya miaka ya 1950 inaunga mkono usomaji huu. Kipindi cha Twenty-One cha televisheni ya Marekani ya NBC kiliwapa washindani majibu mapema, na tarehe 5 Desemba 1956 bingwa wake Herbert Stempel, kwa maelekezo ya watayarishaji, alikosa kwa makusudi swali la filamu iliyoshinda Oscar ya mwaka uliotangulia, ili Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, achukue nafasi. Van Doren aliondoka na dola 129,000, na mwaka 1959 alikiri udanganyifu mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku upangaji wa matokeo. Lakini tazama kile watayarishaji walichoona lazima wakighushi. Majibu yalikuwa tayari mfukoni. Hayo yangetosha kama watazamaji walikuja kusikia majibu. Kilichofundishwa kwa bidii ni kusita, kufuta jasho kwenye paji la uso, kurudia sehemu ya swali kwa sauti ya chini. Walighushi mtu anayejipima kama anajua, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kikiuzwa.

Pingamizi zito zaidi ni James Holzhauer. Huyu alikuwa mcheza kamari wa michezo kutoka Las Vegas. Mwaka 2019 alishinda michezo 32 ya Jeopardy! na kukusanya dola 2,462,216, na mchezo mmoja peke yake ulimpa 131,127, ilhali rekodi iliyokuwapo kabla yake ilikuwa 77,000. Alianza na vidokezo vya thamani kubwa, akajenga mtaji, kisha akavisaka vile vidokezo vilivyofichwa ambavyo mshindani hujibu peke yake kwa dau alitakalo, na mara nyingi aliweka kila alichokuwa nacho. Wapo waliosema kwamba hapo kamari imeyashinda maarifa. Sikubaliani. Dau kubwa huangamiza asiyejua kiasi chake. Holzhauer aliweza kuliweka kwa sababu makosa yake yalikuwa machache mno. Isitoshe, alijiandaa kwa kusoma vitabu vya watoto ili kuziba mapengo katika mada asizozijua, na mapengo hayazibwi na mtu asiyejua yalipo.

Jinsi alivyoshindwa inafundisha zaidi ya ushindi wake. Katika mchezo uliorushwa tarehe 3 Juni 2019, Emma Boettcher, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye tasnifu yake ya uzamili ilihusu kutabiri ugumu wa vidokezo vya kipindi hicho hicho, alifika swali la mwisho akiwa na dola 26,600. Holzhauer alikuwa na 23,400, wa tatu 11,000. Boettcher aliweka 20,201, ili akipata awe na dola moja zaidi ya mara mbili ya fedha za Holzhauer. Holzhauer aliweka 1,399, ili hata akikosa abaki na 22,001, dola moja juu ya mara mbili ya wa tatu. Wengi walishangaa kumwona mkamari akiweka kiasi kidogo hivyo. Lakini alijua Boettcher ataweka dau la kumfunika, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ya kushinda ni mwenzake akosee. Dau lake lilikuwa makadirio ya ujuzi wa mwingine. Wote wawili walijibu sahihi, na Boettcher akashinda kwa dola 46,801.

Nakubali kwamba kitufe kina ufundi wake wa mwili, na kwamba robo sekunde ile imewanyima watu wengi wenye elimu nafasi ya kuonekana. Hilo haliivunji hoja. Linaiwekea mpaka tu. Wala sidai kwamba kila chemsha bongo hupima ninachokitetea. Nyingi hazikipimi, na sababu ni sheria zake. Pale ambapo kukosea hakutozwi, mshiriki mwenye busara hukisia kila mara, na mtazamaji hawezi kumtofautisha anayejua na anayebahatisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mitihani ya kuchagua jibu ambayo haimkati alama anayekosea: humzoesha mtoto kwamba kukisia ni bora kuliko kukiri. Vitendawili vilikuwa na hekima zaidi, kwa kuwa vilimpa asiyejua mlango wa kutokea bila kujifanya anajua.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na mashindano yake ya aina hii. Celtel Africa Challenge, iliyoanza 2007 na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge, iliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika mbele ya mwendesha kipindi John Sibi-Okumu. Shule, vyuo na vituo vya televisheni vinavyofikiria kuanzisha mashindano mapya havina haja ya kuanza na orodha ndefu ya maswali. Vianze na ubao wa alama: kosa likatwe, kimya kisikatwe, na mwanafunzi anayesema sijui apewe heshima ile ile anayopewa aliyejibu.