Safu ya Lugha: "Bangi bandia"

Vyombo vya habari huziita dawa za kulevya Spice na K2 "bangi bandia", na jina hilo linapotosha. Bandia ni mwanasesere. Ndiyo maana tunasema noti bandia, kitu chenye sura ya halisi bila nguvu yake. Ghushi huongeza nia ya kudanganya, kama cheti ghushi. Mpinzani atanitajia meno bandia, yanayotafuna vizuri tu. Sawa, ila hayang'ati zaidi ya yale ya kuzaliwa nayo. Kemikali za Spice na K2 zinang'ata kuliko bangi yenyewe. JWH-018, iliyopewa herufi za jina la John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, ilitengenezwa kwa utafiti. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuipulizia majani makavu, na mwaka 2008 ikagunduliwa ndani ya pakiti za Spice Ulaya. THC ya bangi huamsha vipokezi vya ubongo kwa kiasi; JWH-018 huviamsha kikamilifu. Kemikali za jamii yake huleta degedege, wazimu wa ghafla, figo kufeli, hata kifo. Tena dawa haienei sawasawa kwenye majani: pakiti ni moja, lakini msokoto huu hauna kitu na ule unaangusha mtu. Brooklyn, Marekani, siku moja ya Julai 2016, watu 33 walizubaa kama misukule kwa sababu ya kemikali nyingine ya jamii hiyo.

Basi tuseme "kemikali sanisi za kulevya". Eti sanisi ni neno gumu? Mwanafunzi anayesoma usanisinuru analo tayari.