Nyiragongo na Swali la Mtu wa Kwanza

Asubuhi isiyo na ukungu, anayesimama Gisenyi na kutazama kaskazini huuona mlima Nyiragongo ng'ambo ya mpaka, kana kwamba umekatwa kichwa kwa panga. Jirani yake Mikeno ana ncha. Huu uko bapa juu. Vijana wengi wa Rubavu huota kuupanda, nami ni mmoja wao. Hata hivyo ubapa huo ni wa machoni tu. Kileleni, kwenye mita 3,470, hakuna uwanja bali shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na mara nyingi ndani yake lava huchemka.

Masimulizi mengi humtaja Mjerumani Gustav Adolf von Götzen kuwa mtu wa kwanza kufika huko. Aliondoka Pangani Desemba 1893 na mamia ya wapagazi, akaonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri huko Kageyo mwishoni mwa Mei 1894, kisha akaupanda mlima mwezi Juni. Ninachopinga hapa ni lile neno "mtu". Kinachoweza kuthibitishwa ni kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza aliyeandika kuhusu safari hiyo. Msafiri wa namna yake hakubeba hema wala chakula chake mwenyewe.

Je, wenyeji walikuwa wamepanda kabla yake? Imani ya zamani ya Wanyarwanda husema kwamba roho za waliotabaruku kwa Ryangombe hukaa Karisimbi, na nyingine hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Tusiharakishe kuifanya imani hiyo ushahidi: mwanga wa lava huonekana usiku kutoka mbali, hivyo mtu aliweza kujua habari za moto bila kupanda.

Ushahidi wa jina una uzito zaidi. Götzen aliuandika mlima huo "Kirunga-tscha-gongo". Hiyo "tscha" ni "ch" ya Kijerumani, na nyuma yake kuna "cya" ya Kinyarwanda au "cha" ya Kiswahili cha msafara. (Wanafunzi wa isimu watafurahi kubishana hapo.) Kwa vyovyote, jina alilikuta midomoni mwa watu.

Jambo kama hilo lilitokea Amerika ya Kusini. Roraima ni mlima wa mwamba wa kale sana, bapa kwelikweli, na Everard im Thurn husifiwa kwa kuupanda Desemba 1884. Huko pia wenyeji walikuwemo safarini.

Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana kuhusu mipaka, Nyiragongo ukabaki upande wa Kongo. Mwaka 1925 Wabelgiji wakaanzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Ndiyo maana mwanafunzi wa Gisenyi anayeuona mlima kila siku lazima avuke mpaka, apate kibali cha hifadhi, na aanzie Kibati. Amani ikikosekana, njia hufungwa.

Mlima wenyewe hauheshimu mpaka huo. Januari 2002 lava iliingia Goma na maelfu wakakimbilia Gisenyi. Baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba Rubavu. Watu wa Bugoyi wana masimulizi ya milipuko ya kale zaidi ya hiyo, na humo ndimo ningeanza kumtafuta aliyepanda kabla ya 1894.