Rekodi za makumbusho zinavyofichua siri za nyoka adimu

KATIKA ardhi ya mawe ya chokaa kusini mwa jimbo la Florida, Marekani, huishi nyoka mdogo ambaye hata wenyeji wengi hawajapata kumwona. Kitaalamu huitwa Tantilla oolitica. Kwa kawaida urefu wake ni kati ya sentimita 15 na 23, mwili wake ni wa rangi ya hudhurungi hafifu na kichwa chake ni cheusi. Hushinda amejificha katika nyufa za mawe na chini ya magogo au majani makavu. Ana sumu, ila haimdhuru binadamu.

Kwa kuwa ni nadra kuonekana akiwa hai, mengi yanayojulikana kumhusu yametokana na vielelezo vilivyohifadhiwa katika makumbusho, ndani ya chupa zenye spiriti. Kila kielelezo hupewa nambari, na katika rekodi huandikwa mahali kilipopatikana, tarehe na jina la aliyekiokota. Kielelezo kisicho na maelezo hayo hakimsaidii sana mtafiti.

Ni kwa kulinganisha vielelezo ambapo mtaalamu Sam R. Telford alimtambulisha nyoka huyu mnamo 1966. Kabla ya hapo, nyoka wa Florida wa jamii hiyo walihesabiwa kuwa wa spishi moja, Tantilla coronata. Kielelezo cha msingi, yaani kile ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho, kilitoka Miami.

Tangu wakati huo mji wa Miami umepanuka mno. Misitu ya misonobari iliyoota juu ya mawe ya chokaa, ambayo ni makao ya nyoka huyu, imefyekwa kupisha nyumba, barabara na maduka. Katika eneo la Miami-Dade, nje ya Mbuga ya Taifa ya Everglades, imesalia takriban asilimia 2 pekee ya misitu hiyo. Kwa hivyo, baadhi ya rekodi za zamani ndizo thibitisho la pekee kwamba aliwahi kuishi mahali ambapo leo pamejengwa.

Hata vielelezo vya hivi karibuni vina mengi ya kufunza. Mnamo 2022, mgeni mmoja katika hifadhi ya John Pennekamp, kisiwani Key Largo, alimkuta nyoka huyu amekufa huku tandu mkubwa akiwa amemkwama kooni. Mzoga huo ulipelekwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Florida, mjini Gainesville.

Badala ya kumpasua, wataalamu walimpiga picha za eksirei zinazoonyesha viungo vya ndani kwa pande zote. Picha hizo zilionyesha jeraha dogo ubavuni, linalodhaniwa kutokana na kuumwa na tandu huyo. Hata hivyo, wataalamu waliona kuwa huenda nyoka alikufa kwa kukosa pumzi, kwani windo lilikuwa limebana koo lake la hewa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chakula cha spishi hii kuthibitishwa.

Mwaka huohuo, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia samaki na wanyamapori ilipendekeza nyoka huyu aorodheshwe miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kuangamia. Mbali na ujenzi, anatishiwa na kupanda kwa kina cha bahari, kwani visiwa anamoishi viko chini sana.

Hata hivyo, rekodi hizi zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nyoka anayeishi mafichoni huokotwa zaidi pale watu wanapopita au kuchimba. Mahali pasipo na rekodi huenda hayupo, au huenda hakuna aliyewahi kumtafuta. Anayeamua ni msitu upi uhifadhiwe na upi ufyekwe hana budi kutofautisha mambo hayo mawili, kwani kosa lake halitaweza kurekebishwa baada ya nyumba kujengwa.