Marubani saba katika ndege moja?

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya picha za Vita vya Pili vya Dunia. Picha moja iliwaonyesha vijana saba wa jeshi la wanahewa la Uingereza wakiwa kando ya ndege aina ya Lancaster. Nikaandika: “Marubani saba.” Nikalala usingizi wangu.

Mzee mmoja aliyeisoma rasimu akanipigia simu. “Mwalimu, matatu moja ina madereva wangapi?” Nikacheka. Yeye hakucheka. “Hebu itazame tena picha. Angalia kifuani, juu ya mfuko wa kushoto.”

Kumbe sare ile ilikuwa imeandikwa, ni mimi niliyekuwa sijui kusoma! Mmoja tu ndiye aliyevaa mabawa mawili yenye taji juu. Huyo ndiye rubani. Sita waliosalia walikuwa na bawa moja moja na herufi kando yake: N, mwongoza njia; B, mlenga mabomu; E, mhandisi; na AG, mpiga bunduki. Wenye AG walikuwa watatu, ila mmoja wao alikuwa na beji ya ngumi iliyoshika radi kwenye mkono wa shati. Huyo alikuwa mwendesha redio aliyefunzwa bunduki pia.

Herufi hizo hudokeza hata miaka. Hadi 1942 mwongoza njia alivaa O, kisha ikaja N. Lakini tahadhari: waliokuwa na O waliruhusiwa kubaki nayo. Kwa hiyo O haithibitishi kwamba picha ilipigwa kabla ya 1942. Inatuambia tu kwamba mwenyewe alifuzu chini ya utaratibu wa zamani. Ni kama msamiati wa kale kinywani mwa mzee: hukwambia alilelewa lini, si siku gani alisema.

Je, nahangaikia jambo dogo? Sidhani. Ulric Cross wa Trinidad, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu nchini Tanzania, alikuwa mwongoza njia katika vita hivyo, akatunukiwa nishani za DSO na DFC. Ukimwita rubani, unampa kazi asiyoifanya na kumpokonya aliyoifanya. Na katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, kati ya wanahewa wapatao 125,000, walikufa 55,573. Wengi wao hawakushika usukani kamwe.

Rubani ni neno tulilolitoa baharini, kwa mwenye kuongoza chombo. Chombo kimoja hakiongozwi na saba. Neno nililolihitaji nilikuwa nalo tangu mwanzo, tena Wakenya hulitumia kila siku wanapolitaja jeshi lao. Nikafuta, nikaandika upya: “Wanahewa saba: rubani na wenzake sita.” Kisha nikaitaja kazi ya kila mmoja.