Umeme wa Kompyuta ya Kadi Mbili za Michoro
Kompyuta yenye kadi mbili za michoro za daraja la juu hula umeme kwa kiasi kisicholingana abadan na kile cha kompyuta ya ofisini, kwani kadi moja ya GeForce RTX 3090, iliyotoka mwaka 2020, huhitaji wati 350, na mbili hufikia 700 kabla ya kuhesabu prosesa. Na kwa kuwa matumizi hayo huruka ghafla kwa lahadha moja, pawasapulai ya wati 1,200 au zaidi si israfu, bali ni lazima.

Hata Pemba, kisiwa ambacho hadi mwaka 2010, ulipofika waya wa kilovolti 33 uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, leo chaweza kukihimili chombo hiki: kwa volti 230, wati 1,000 ni ampea zipatazo 4.3, wala fyuzi ya plagi ya ampea 13 haitaungua. Mashaka yako katika umeme kukatika, maana UPS ndogo za madukani, zilizoundwa kwa wati mia chache, huzidiwa papo hapo, na katika harara, kwani kila wati iliyoliwa hurudi chumbani kuwa joto.