Sarafu moja Afrika Mashariki: tulikuwa nayo, tukaiacha

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme, "Tutaleta sarafu moja Afrika Mashariki!" Makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, niko Garissa, na naomba tukumbushane: hiyo si ndoto mpya. Tulikuwa nayo. Swali ni kwa nini tuliiacha. Uzi 👇🏾

2/ Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919. Kabla yake pesa ya huku ilikuwa rupia. Miaka ya 1920 ikaja shilingi moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ikaingia 1936. Waingereza walipowatoa Waitaliano Mogadishu 1941, shilingi hiyohiyo ikavuka mpaka. Yaani kuna miaka pesa ya Kismayu na ya Garissa ilikuwa moja.

3/ Raha, si ndiyo? Lakini uamuzi haukuwa wetu. Makao ya bodi yalikuwa London hadi 1960, na shilingi ilifungwa kwa pauni: 20 kwa 1. Sisi tulitumia tu.

4/ Baada ya uhuru kila serikali ilitaka benki kuu yake, iamue yenyewe mambo ya mikopo na maendeleo. Mwaka 1966 zikatoka shilingi tatu, zote zikiwa na thamani sawa. Leo shilingi 1 ya Kenya inapata zaidi ya 20 za Uganda. Kila nchi ilishika njia yake, na bili tunalipa sisi mpakani.

5/ Bili gani? Chukua mfano: una 10,000. Ukikatwa asilimia 3 kwenda na 3 kurudi, unabaki na 9,409. Hujanunua hata chai.

6/ Shangazi yangu anauza nguo, na safari zake ni Liboi hadi Dhobley. Mfuko mmoja shilingi ya Kenya, mwingine dola. Shilingi ya Somalia haiwekei akiba: benki kuu ya kule iliporomoka 1991, na noti bandia zikajaa sokoni. Juzi kaniuliza, "Hiyo pesa moja inakuja lini, nipumzike?"

7/ Kwingine imewezekana. Kroatia iliacha kuna yake tarehe 1 Januari 2023, kuna 7.5345 kwa yuro 1. Anayetoka Zagreb kwenda Vienna habadilishi kitu. Lakini riba sasa inaamuliwa Frankfurt, na Kroatia ni kiti kimoja kati ya vingi mezani.

8/ Sisi je? Itifaki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Limesogezwa hadi 2031. Na Somalia imeshakuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024, kwa hiyo hili si la Nairobi na Kampala pekee. Ni letu pia.

9/ Mimi sipingi sarafu moja. Napinga makofi bila maswali. Akija kuomba kura, muulize: Benki hiyo itakaa wapi? Nani atapanga riba? Ukame ukiua mifugo huku wakati kwingine mambo ni mazuri, nani atatufikiria?

10/ Shangazi nilimjibu hivi: itakuja siku tutakapokubaliana nani anashika ufunguo wa sanduku. Akacheka. "Basi wacha niendelee na mifuko yangu miwili."