Kumbukumbu ya kadi ya michoro

Kumbukumbu ya kadi ya michoro (kifupi: VRAM) ni hifadhi ya muda iliyomo ndani ya kadi ya michoro ya kompyuta. Humo kichakataji cha michoro (GPU) huweka picha, maumbo na matokeo ya mahesabu kinayoyahitaji ili kuchora kile kinachoonekana kwenye skrini. Katika michezo ya kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu hiyo ndio unaoamua ni vitu vingapi vya mchezo vinaweza kukaa karibu na kichakataji kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu kubwa zaidi huboresha mchezo pale ambapo iliyopo haikutosha. Ikishatosha, gigabaiti za ziada hukaa bure na haziongezi kasi. Jambo hili lina uzito kwa wanunuzi, kwa sababu kadi nyingi hutangazwa kwa idadi ya gigabaiti pekee, ilhali kasi yake hutegemea pia kichakataji, aina ya kumbukumbu na upana wa njia ya data.

Jinsi inavyofanya kazi

Mchezo unapofunguliwa, data husomwa kutoka kwenye diski, huingia katika RAM ya kompyuta, kisha hupelekwa kwenye kadi kupitia mlango wa PCI Express ulioko kwenye ubao mama. Safari hiyo haina kasi sawa kila mahali. PCI Express 3.0 yenye njia 16 hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde kwa kila upande, na toleo la 4.0 hupitisha mara mbili ya hapo. Ndani ya kadi kasi ni kubwa zaidi: GeForce GTX 1060 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2016, husoma kumbukumbu yake kwa GB 192 kwa sekunde, yaani mara 12 ya mlango wa PCI Express 3.0.

Hali hii inafanana na biashara ya misafara ya karne ya 19. Tabora ilikuwa kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wafanyabiashara waliweka akiba ya nguo, shanga na waya huko ili wasirudi pwani kila walipohitaji bidhaa. Mwenye akiba ya kutosha Tabora aliendelea na safari. Aliyeishiwa alisubiri msafara mwingine kutoka pwani kwa miezi. VRAM ni ghala la Tabora, na RAM pamoja na diski ni pwani. Ghala likiwa na kila kinachohitajika, kulipanua zaidi hakumfanyi mpagazi atembee haraka.

Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde humpa kichakataji takriban milisekunde 16.7 kuchora kila fremu. Data inayokosekana katika VRAM na kulazimika kuletwa kutoka mbali inaweza kumaliza muda huo wote.

Vitu vinavyohifadhiwa

Vitu vikuu vinavyokaa katika VRAM wakati wa mchezo ni hivi:

- Tekstua: picha zinazovikwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane wa matofali, ngozi ionekane ngozi na barabara ionekane ya vumbi. Katika michezo mingi ndizo huchukua nafasi kubwa.
- Maumbo: nukta na pembetatu zinazounda watu, magari, miti na majengo.
- Fremu: picha iliyokamilika inayopelekwa kwenye skrini, pamoja na picha za kati zinazotumika kuitengeneza.
- Ramani za vivuli na data ya mwanga. Michezo inayofuatisha njia ya miale ya mwanga huhitaji nafasi zaidi.

Tekstua yenye pikseli 4096 × 4096, ikihifadhiwa kwa baiti 4 kwa kila pikseli bila kubanwa, huchukua MB 64. Ile ya pikseli 2048 × 2048 huchukua MB 16. Kuongeza urefu na upana mara mbili huongeza mahitaji mara nne. Michezo hubana tekstua hadi robo au hata sehemu ya nane ya ukubwa wake, lakini uwiano huo wa mara nne hubaki palepale.

Fremu moja ya pikseli 1920 × 1080 huhitaji takriban MB 8, na ya pikseli 3840 × 2160 takriban MB 33. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, ila mchezo wa kisasa hutunza picha nyingi za kati za ukubwa huo kwa pamoja. Ndiyo sababu skrini yenye pikseli nyingi huongeza matumizi ya VRAM.

Historia

Jina VRAM lilianza kama jina la aina maalumu ya RAM yenye milango miwili, iliyobuniwa na watafiti wa kampuni ya IBM mwaka 1980. Mlango mmoja ulipokea data kutoka kwa kompyuta na mwingine uliilisha skrini. Kadi za leo hutumia aina nyingine, hasa familia ya GDDR, lakini jina limebaki.

Kadi ya CGA ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na KB 16. Mfumo wa VGA wa mwaka 1987 ulikuwa na KB 256. Mwaka 1996 kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx, iliyoeneza michezo ya pande tatu kwenye kompyuta za nyumbani, ilikuja na MB 4: nusu kwa ajili ya fremu, nusu kwa ajili ya tekstua. Mwaka 1997 mlango wa AGP uliruhusu kadi kusoma tekstua moja kwa moja kutoka katika RAM ya kompyuta, lakini kwa kasi ndogo kuliko kumbukumbu ya kadi yenyewe. GeForce 256 ya mwaka 1999 ilikuwa na MB 32. Miaka 22 baadaye, mwaka 2021, GeForce RTX 3060 ilitolewa ikiwa na GB 12.

Dalili za upungufu

VRAM ikijaa, kiendeshi cha kadi huhamishia sehemu ya data kwenye RAM ya kompyuta na kuirudisha inapohitajika. Mchezaji huona mambo yafuatayo:

- mchezo huganda kwa kitambo kifupi, hasa anapogeuka ghafla au kuingia eneo jipya;
- kuta na nyuso hubaki na ukungu, kisha hujichora vizuri baada ya muda;
- mchezo hupunguza wenyewe ubora wa tekstua bila kuulizwa;
- mchezo hujifunga au hukataa kufunguka.

Wastani wa fremu kwa sekunde huweza kuficha tatizo hili. Fremu moja ikichukua milisekunde 200 badala ya 16.7, mchezaji huiona na kuihisi kama kukwama, lakini wastani wa dakika nzima haubadiliki sana. Kwa hiyo wapimaji wa kadi huangalia pia muda wa kila fremu na kasi ya fremu zilizo polepole kuliko zote.

Gigabaiti na kasi

Mfano ulio wazi ni GeForce RTX 4060 Ti ya mwaka 2023. Toleo la GB 8 lilitoka mwezi Mei kwa bei ya dola 399 za Marekani, na la GB 16 likafuata mwezi Julai kwa dola 499. Matoleo yote mawili yana kichakataji kilekile na kasi ileile ya kumbukumbu, GB 288 kwa sekunde. Katika michezo isiyojaza GB 8, kadi hizi mbili huenda karibu sawa. Katika michezo inayozidi kiasi hicho, toleo la GB 8 huganda au huonyesha tekstua hafifu, na la GB 16 huendelea vizuri. Dola 100 za ziada zina faida kwa mchezaji wa kundi la pili tu.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba kumbukumbu haishindi kichakataji. RTX 3060 ina GB 12 na RTX 3070 ina GB 8, lakini 3070 ni ya haraka zaidi katika michezo mingi, kwa kuwa kichakataji chake ni kikubwa na njia yake ya data ni pana: GB 448 kwa sekunde dhidi ya 360.

Wakati mwingine namba ya gigabaiti huficha tofauti nyingine. GTX 1060 iliuzwa katika matoleo ya GB 3 na GB 6 kwa jina lilelile, lakini ya GB 3 ilikuwa na viini 1152 na ya GB 6 viini 1280. GTX 970 ya mwaka 2014 ilitangazwa kuwa na GB 4. Mapema mwaka 2015 ikafahamika kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilisomwa kwa kasi ndogo kuliko sehemu iliyobaki. Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi dhidi ya Nvidia, na mwaka 2016 kampuni ilikubali kulipa dola 30 kwa kila kadi.

Aina ya kumbukumbu

Kadi mbili zenye gigabaiti sawa zinaweza kutofautiana sana. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuwa na GB 2 za GDDR5 zinazosomwa kwa GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 lilitoka toleo lenye jina hilohilo na GB 2 zilezile, lakini za DDR4, zinazosomwa kwa takriban GB 17 kwa sekunde. Toleo hilo la pili ni dhaifu kwa kiasi kikubwa katika michezo. Vivyo hivyo, kadi ya zamani yenye GB 4 za DDR3 inaweza kushindwa na kadi yenye GB 2 za GDDR5.

Kompyuta zisizo na kadi ya michoro

Kompyuta mpakato nyingi hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Kichakataji cha michoro kimo ndani ya kichakataji kikuu na hutumia sehemu ya RAM ya kompyuta kama VRAM. Windows huweza kukiruhusu kutumia hadi takriban nusu ya RAM yote.

Katika kompyuta za namna hii, kuongeza RAM huleta faida mbili. Nafasi huongezeka, na vipande viwili vya RAM vinavyofanya kazi kwa pamoja hupanua njia ya data mara mbili. Kipande kimoja cha DDR4-2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Viwili hupitisha GB 38.4. Kwa hiyo vipande viwili vya GB 4 mara nyingi hufaa zaidi kwa michezo kuliko kimoja cha GB 8.

VRAM ya kadi inayojitegemea haiongezwi hivyo, kwa sababu vipande vyake huunganishwa kiwandani kwa lehemu. Programu na mbinu zinazodai kuongeza VRAM hubadilisha tu namba ambayo mchezo unaisoma. Mchezo uliokuwa unakataa kufunguka unaweza kufunguka, lakini kasi haiongezeki.

Mahitaji ya michezo

Mahitaji hutofautiana sana kati ya mchezo na mchezo. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, ilitaka angalau GB 1 ya VRAM na kupendekeza GB 2. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 ilitaka angalau GB 8. Anayecheza michezo ya zamani hana sababu ya kulipia kumbukumbu inayohitajika na michezo mipya.

Ununuzi Afrika Mashariki

Katika masoko kama Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, huuzwa pia kompyuta za ofisi zilizotumika nje ya nchi. Kabla ya kuongeza kadi kwenye kompyuta ya namna hiyo, mambo matatu hukaguliwa: kama kasha lina nafasi (makasha membamba hupokea kadi fupi tu), kama kuna mlango wa PCI Express wenye njia 16, na kama kigawa umeme kinamudu. Mlango huo hutoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti ya GB 4 imeundwa kutumia wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme.

Hatari nyingine ni kadi bandia. Baadhi ni kadi za zamani zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya na kumbukumbu kubwa kuliko iliyopo. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweza kutambua kadi nyingi bandia zinazojiita za Nvidia. Kwa mnunuzi aliyeko Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, anayeagiza kadi kutoka Dar es Salaam, kuirudisha ni gharama na muda. Ni salama zaidi kadi ipimwe dukani na mtu anayemwamini kabla ya kulipiwa.

Kupima na kupunguza matumizi

Katika Windows 10 na 11, Task Manager huonyesha kumbukumbu ya kadi inayotumika na ile iliyoazimwa kutoka RAM. Kiasi kilichoazimwa kikipanda sana huku mchezo ukiganda, VRAM haitoshi. Namba kubwa peke yake si ushahidi, kwa kuwa michezo mingi hushikilia nafasi kubwa kuliko inayohitaji.

Hatua ya kwanza ni kushusha ubora wa tekstua ngazi moja, kisha vivuli, kisha idadi ya pikseli. Kufunga kivinjari na programu nyingine pia hurudisha nafasi. Kukwama kukiisha baada ya kushusha tekstua, tatizo lilikuwa kumbukumbu. Kasi ikibaki ndogo vilevile, tatizo liko kwenye kichakataji, na kadi yenye gigabaiti nyingi zaidi lakini kichakataji kilekile haitasaidia.

Tazama pia

- Kompyuta
- RAM
- Kichakataji
- Mchezo wa video